Theluji ya Kihara

Asubuhi moja, getini mwa mlima juu ya Naro Moru, Nyawira alivua glavu ili ajaze fomu. Aliandika jina lake, na kwamba hana pumu. Kwenye nafasi ya mtu wa kupigiwa simu kukitokea dharura akaandika: Kihara, shemeji, Othaya.

Lynn, karani wa geti, aliisoma.

"Mum, uko sure na huyu? Unajua contact ndiye anabeba baridi yako huko juu. Mpaka ashike simu, ama wewe urudi u-sign."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

"Sawa. Wengi huandika ma-ex," Lynn akasema, akagonga muhuri.

Nyawira alikuwa mjane, na alimchukia Kihara bila kujificha. Mwaka uliotangulia mumewe, Mwai, alipanda mlima huo akamwandika Kihara, kaka yake mkubwa, kwa sababu Kihara ana Land Cruiser na barabara ya getini wakati wa mvua haipitiki na gari lingine. Huko juu mapafu ya Mwai yakajaa maji. Kithinji, kiongozi wake wa mlimani kutoka Chogoria, alimbeba mgongoni hadi getini akipiga simu njia nzima. Simu iliita tu. Mwai akafa wakingoja gari. Kwenye mazishi Kihara alishika maikrofoni akasema damu ni nzito kuliko maji, ila siku ile Othaya nzima haikuwa na network. Waombolezaji wakasema amina. Nyawira naye alisema amina, na mpaka leo hajajisamehe.

Habari ya baridi ilianza wiki ya mazishi hayo. Watu waliizoea upesi.

Sasa alipanda na Kithinji yuleyule. Juu ya msitu upepo ulikuwa wa kukata masikio, lakini Nyawira alitembea na blauzi tu, akitoka jasho kidogo. Kila walipopumzika alichagua mahali penye upepo zaidi, akala ndizi yake polepole.

Kule Othaya theluji ilianguka juu ya boma la Kihara peke yake. Michai ya jirani ilibaki mikavu. Wakiuru, mke wa Kihara, aliizoa kwa koleo, na majirani wakaja na ndoo za maziwa kuomba ya kuyapozea. Kihara alikaa sebuleni na sweta tatu. Theluji ilipita kwenye mabati ikamfuata kitini.

Kithinji alisimama juu ya jabali.

"Hapa, Mama. Hapa ndio nilianza kumpigia ile siku. Network iko."

Nyawira akapiga. Simu ya Kihara ikaita mezani kwa wimbo wa kanisa, mistari yote ya network imejaa. Majirani wenye ndoo waliisikia. Wakatazamana, kisha wakatazama maziwa.

"Baba Sophie, si ushike?" Wakiuru akasema. "Ni bibi ya Mwai. Ati unataka kuganda? Sema tu hello."

"Nikishika ataniuliza."

"Atakuuliza nini?"

Kihara aliilaza simu kifudifudi, vile alivyoilaza ile siku akinywa chai. Wakiuru, ambaye ile siku ndiye aliyemmiminia hiyo chai, akaenda kuongeza kuni.

Nyawira aliposhuka, Lynn alimsogezea kitabu atie sahihi kwamba amerudi salama.

"Uki-sign, baridi inaisha kwake."

Nyawira aliitazama kalamu. Alifikiria mgongo wa Kithinji, na miguu ya Mwai ikining'inia. Akairudisha kalamu mezani, akaenda nyumbani.

Jumapili Kihara alisoma matangazo kanisani kama kawaida yake, kwa kuwa bado ni mzee wa kanisa. Theluji ilimwangukia mabegani na juu ya Biblia. Waumini wa viti vya mbele walikuwa wamekuja na makoti. Alipofika kwenye kamati ya mazishi, ambayo bado yeye ndiye mwenyekiti, aliwakumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji.

Wakasema amina. Nyawira alikuwa benchi la nyuma, na blauzi yake, na hakusema.