Mfuniko wa Mama

Kaka yangu ni mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia jua ni kali leo, atatoka bila kofia akuoneshe kwamba si kali, kisha atarudi kichwa kinamuuma na bado anabisha. Ubishi huo ndio uliotupa lebo yetu ya muziki. Kila mtu alimwambia hakuna atakayenunua muziki wa dram na besi uliotengenezwa na watu wasiojulikana, kwenye vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Yeye akasema watanunua, na kweli wakanunua. Hawakuwa wengi, lakini mpaka leo wapo wanaotambua kazi yetu kabla wimbo haujafika katikati.

Lebo inaitwa Mfuniko. Watu hudhani jina hilo lina falsafa, na mimi huwaacha wadhani. Ukweli ni kwamba tuliporekodi wimbo wa kwanza tulikuwa na mashine ya ngoma ya kuazima, na matoazi yake yalilia kama bati lililolegea. Kaka akawa anazunguka jikoni kwa mama na kijiko mkononi, anagonga vikombe, anagonga kikaango, anagonga birika. Mama akachoka naye. Akachukua mfuniko wa sufuria yake kubwa, akauning'iniza kwa kishikio chake na kuupiga mara moja.

"Si unatafuta hii? Haya, chukua, uniachie jiko langu."

Ilikuwa hiyohiyo. Tukavuta maikrofoni mpaka jikoni, tukamvisha mama hedfoni, naye akapiga wimbo mzima amesimama, kitambaa cha vyombo begani, akitutazama kama watu waliopungukiwa akili. Hakukosea hata pigo moja. Ukisikiliza wimbo ule, ngoma zinakwenda mbio, besi inatembea taratibu chini yake, na kila mzunguko unapofungwa unasikia mfuniko wa mama: tiii. Nyimbo zilizofuata zilikuwa na matoazi ya kweli, lakini Kaka aliyapima yote kwa sauti ya mfuniko ule. Mama alipofariki tuliutundika kwenye msumari ukutani, juu ya mitambo, na hapo ndipo ulipo.

Besi nayo ilikuwa na mpimaji wake. Chini yetu yupo Fundi, mwenye duka la cherehani, mtu wa hasira za karibu. Besi ikikaa sawa, sindano zake zilianza kucheza ndani ya kopo, naye alichukua mti wa ufagio na kugonga dari. Sisi huku juu tulipeana mikono. Ilikuwa sheria yetu: wimbo hautoki mpaka Fundi agonge. Maskini, yeye alidhani anatugombeza, kumbe alikuwa mkaguzi wetu mkuu, tena wa bure.

Miaka ikaenda, na sauti yetu ikabadilika. Haikubadilika kwa mkupuo. Ilikuja wimbo kwa wimbo: matoazi yakazidi ukali, ngoma ndogo ikaanza kukata kama wembe, na besi ikasukumwa pembeni kuzipisha. Mimi kazi yangu ni kuchagua nyimbo, kupanga zipi zitangulie, na kugombana na wachapaji wa majalada. Meza ya kumiksi, panapoamuliwa sauti ipi ipande na ipi ishuke, ni ya Kaka. Nilimwambia mara moja au mbili kwamba sauti zinachoma masikio, akanijibu kwamba ndiyo usafi wa kisasa.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia, kama nilivyozoea kumwambia tangu utotoni kila alipokataa ushauri. Akacheka.

Na nani angenisikiliza mimi? Mtangazaji mmoja wa redio alisema Mfuniko imepata uthubutu mpya. Vijana wenye studio zao za chumbani wakaanza kuiga ukali ule, wakaupa na jina. Nikajiambia nimezeeka tu. Mtu akianza kusifia ya zamani, ajue mvi zimeshafika mpaka kwenye ulimi.

Fundi naye akaacha kugonga. Badala yake, kila tulipoanza kazi tulisikia dirisha lake likifungwa, pwaa! Kaka akasema Fundi amezeeka, hana nguvu ya kuinua ufagio. Sheria yetu ikafa hivyohivyo, bila hata kuagwa.

Mwaka huu tukaamua kutoa santuri ya kumbukumbu, nyimbo zetu tangu mwanzo. Mimi nilifurahi mpaka Kaka aliposema anataka kuzimiksi zote upya.

"Za zamani zimefunikwa blanketi," akasema. "Nashangaa hata tulizitoaje. Nitazifungua zipumue."

Nilikataa. Tukabishana asubuhi nzima, na mwisho tukakubaliana tusikilize kwanza wimbo wa kwanza kutoka kwenye kanda yake yenyewe, ndipo tuamue. Kanda ikazunguka. Ngoma zikaingia, besi ikaingia, na mimi moyo ukanirudi kwenye jiko lile, harufu ya sabuni ya vyombo na kila kitu. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Mara nikaona mabega yake yanatikisika.

"Umeona?" akasema. "Kanda imemla mama."

"Imemla vipi?"

"Mfuniko haupo. Sikiliza. Umefutika wote." Akafuta macho kwa mkono wa shati. Siku tuliyomzika mama hakulia mbele yangu, na sasa alikuwa analia mbele ya spika. "Lakini si neno. Nitaupiga mimi." Akanyoosha mkono, akautoa mfuniko kwenye msumari. "Nitaupiga juu yake, nafasi zilezile, mpaka usikike barabarani."

Tiii, ukalia mfuniko wa mama kwenye spika. Tiii tena. Ulikuwa unalia palepale ulipolia siku zote, mwembamba na safi, na mwanawe amesimama katikati ya sauti hiyo, mfuniko wenyewe mkononi, anamlilia kwamba hayupo.

Ule ukali wa miaka yote ukajieleza wenyewe: hakuwa akitafuta sauti mpya. Alikuwa akipandisha matoazi mpaka ayasikie, na kila mwaka alihitaji kuyapandisha zaidi. Sasa alitaka kumzika mama chini ya pigo lake, kwa mapenzi kabisa.

"Kaka," nikasema, "mfuniko upo."

"Usinipe moyo, dada. Kanda zinakufa kama watu."

"Upo, nakwambia. Nausikia."

"Unausikia kwa kumbukumbu." Akaanza kuvuta maikrofoni.

Hapo ndipo sakafu ilipogongwa kutoka chini. Ndu, ndu, ndu. Tulitazamana kama watu waliobishiwa hodi na marehemu. Hatukuwa tumesikia ufagio ule siku nyingi mno. Kisha zikafuata hatua kwenye ngazi, na Fundi akaingia, futi ya kupimia nguo shingoni, sindano mbili zimechomekwa kifuani.

"Mmerudia tabia zenu!" akafoka. "Kopo langu la sindano limeanguka!" Halafu akasimama, akasikiliza, uso ukalegea. "Lakini heri hii. Zile zenu za siku hizi zinatoboa masikio, nafunga dirisha nakufa kwa joto. Hii ina adabu. Hii si ile ya mama anayepiga sufuria?"

"Anayepiga nini?" akauliza Kaka.

"Sufuria. Huyo." Fundi akainua kidole. "Huyo tena. Subiri... huyo."

Kaka hakumtazama Fundi usoni. Alitazama kile kidole, kinavyopanda na kushuka, mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaketi, mfuniko mapajani. Fundi akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama amesema vibaya. Nikamwambia hapana, Fundi, asante, nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Niliporudi Kaka hakuwa ameinuka.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sijui. Wewe mwenyewe hukujua."

"Kwa hiyo ile sauti mpya..."

"Ndiyo."

"Na vijana wote wale wanaoiga?"

"Wanaiga masikio yako."

Akaanza kucheka, kicheko kikapanda mpaka nikashindwa kujizuia nami. "Nimewafundisha watoto wa watu uziwi!" akasema huku machozi yanamtiririka, na sikujua tena ni ya kucheka au ya nini. Ile methali yangu ya sikio nimeiweka kando tangu siku hiyo. Iliniuma mno kwamba niliwahi kuisema.

Daktari wa masikio alithibitisha. Sauti za juu zimekwenda na hazirudi, ni gharama ya kukaa miaka na miaka mbele ya spika. Za chini bado anazo. Kaka akabisha kidogo, kama kawaida yake, halafu akaniambia nikae kwenye kiti chake, mbele ya meza ya kumiksi. Nyimbo zote tumeziacha zilivyo, hata zile kali. Mimi nilitaka kuzilainisha, yeye akakataa. "Nazo ni zetu," akasema. "Zipange tu kwa mfuatano."

Jana tulisikiliza santuri ya majaribio. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye spika kubwa, besi impite mifupani. Nilikaa kando yake, tukakubaliana nitamgusa bega kila mfuniko unapolia. Nilimgusa pigo la kwanza. Nilimgusa la pili. La tatu lilipokaribia, aliushika mkono wangu akaushusha.

"Acha," akasema.

Akafumba macho, akainua kidole, na kidole kikapiga hewani sambamba na mfuniko, si mbele yake wala nyuma yake. Kikapiga tena, na tena, mpaka mwisho wa wimbo. Chini Fundi aligonga, wala hakuna aliyejali.

Kulipokuwa kimya, Kaka akafumbua macho.

"Amepiga vizuri?" akaniuliza.

"Amepiga vizuri," nikamwambia.