Kilemba cha Jerusha

Mugure alihamia Kakuma na mumewe, fundi wa visima, wakitokea Nyandarua. Mume alipofariki, alibaki na kibanda cha chai na binti yake Jerusha. Walikuwa Waakorino, na katika kanisa lao mwanamke hafunui kichwa mbele ya watu. Miaka yote Jerusha alikwenda shule na kilemba chake cheupe, asiulizwe na mtu, hadi mwaka 1976 alipoletwa mwalimu mkuu mpya, Barasa.

"Jerusha hafanyi mtihani wa darasa la saba na kitambaa kichwani," Barasa alisema. "Shule ina utaratibu, Mama Jerusha."

Nakeno, jirani yake Mturkana, alimkuta Mugure analia. "Binti yangu walikata shanga zake mlango hiyo hiyo ya shule," alisema. "Sisi hatukuuliza mtu. Wewe enda Lodwar, uliza."

Mugure alipanda lori la unga, akafika Lodwar vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Afisa wa elimu, Kiplagat, alimpokea kwa adabu.

"Nimesikia redioni kuna mkataba wa mataifa kuhusu haki za watu," Mugure alisema. "Na Kenya imo."

"Imo. Umeanza kutumika mwaka huu. Unampa mtu haki ya kuishika dini yake na kuionyesha. Serikali inaweza kumzuia tu kama sheria inasema hivyo, na pawe na haja: usalama, afya, haki za wenzake, mambo kama hayo."

"Sasa kilemba cha mtoto kinamdhuru nani?"

Kiplagat alitazama dirishani. "Hakimdhuru mtu. Lakini siwezi kumwingilia mwalimu mkuu shuleni kwake. Peleka kesi Nairobi."

"Bwana afisa, mtihani ni keshokutwa!"

Kiplagat alifungua faili lililofuata.

Aliporudi Kakuma alimpigia magoti mwanawe. "Kivue, mama. Siku hizo tu. Mungu anaona tulivyobanwa."

"Wewe ndiye uliyenifunga," Jerusha alisema. "Ukasema ni agano. Mimi sivui."

Asubuhi ya mtihani Barasa alisimama mlangoni. Wenzake Jerusha walipita mmoja mmoja; yeye akazuiwa. Mugure alijikuta amepiga magoti mchangani. Kabla hajajua afanyalo, mikono yake ilikuwa inafungua kilemba chake mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, hadi nywele zake zenye mvi zikabaki wazi mbele ya walimu wanaume.

"Chukua changu, Mwalimu! Niaibishe mimi, huyu mwache aingie!"

Barasa aligeuza uso, lakini hakuondoka mlangoni.

Jerusha alimtazama mama yake. Alikuwa hajawahi kukiona kichwa kile kikiwa wazi nje ya nyumba. Polepole alikivua kilemba chake, akamfunga nacho mama yake, akakaza ncha kama alivyofundishwa. Kisha akaingia darasani kichwa wazi.

Mugure alibaki juani, kilemba cha mtoto kichwani, akitaka kuomba na maneno yasije.

Jerusha alifaulu, akapata nafasi ya sekondari. Siku ya kuondoka Mugure alimwekea vilemba viwili vipya kwenye sanduku. Jerusha alivitoa, akavikunja vizuri, akaviacha kitandani. Mugure aliviona, akakumbuka ni yeye aliyesema, "Kivue," akalifunga sanduku.