Meza ya Mhadhiri wa Takwimu

Jumanne saa nne asubuhi, kwenye maabara ya kompyuta, Kiranja alimaliza kumchora mwanafunzi wa mchezo wa kompyuta, mradi wake wa mwaka wa mwisho. Alimpa mkoba mwekundu, mioyo mitatu juu ya kichwa na uwezo wa kwenda pande nne tu. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi: mwanafunzi anatafuta alama zake zilizopotea, ofisi baada ya ofisi, na kila mlango unaomfungia unamla moyo mmoja. Hakuhitaji kubuni kitu. Alama zake mwenyewe za Takwimu alikuwa akizitafuta mwaka wa pili sasa, na bila hizo asingehitimu, hata awe bingwa namna gani.

Jina la Kiranja lilimganda tangu shule ya msingi, alipokuwa akiorodhesha wapiga kelele. Hakuwahi kuandika jina akalifuta.

Saa sita mwanafunzi yule alitoka kwenye kioo cha kompyuta, akajipangusa, akauliza foleni iko wapi. Alikuwa na urefu wa shubiri moja, mwili mzima vipande vya mraba, kwa hiyo Kiranja akamwita Kimraba.

"Orofa ya pili, mlango wa kijani," akamwambia. "Na usikubali kuambiwa uje kesho."

Katibu wa idara hakuinua hata macho. "Foleni inaanzia nyuma, dada."

Kimraba akaenda nyuma, akizunguka kila chungu cha maua kwa pembe kali, maana kukata kona hakufundishwa. Waliokuwa kwenye foleni walimsogezea nafasi na kumshauri avae viatu vyepesi. Kila jioni alirudi na moyo mmoja, Kiranja akamwongezea miwili, kesho yake akarudi kusimama.

Alhamisi mama yake Kiranja alipiga simu. "Nishone nguo ya mahafali?"

"Shona, mama."

"Mwaka jana pia uliniambia nishone."

"Ile nimeshaipita kiuno. Shona nyingine."

Ijumaa Kimraba alichoka kusubiri, akapita chini ya mlango wa mhadhiri. Alirudi na vumbi mabegani.

"Mtihani wako uko chini ya mguu wa meza," alisema. "Wa nyuma, kushoto. Darasa zima mko hapo. Wewe uko juu kabisa, una themanini na moja."

Kiranja alilia kidogo, furaha na hasira zikigombea macho yale yale. Kisha akanawa uso, akapanda ngazi.

Mhadhiri alikuwa mtu mpole. Alivaa miwani, akainama, akasoma. "Naam, karatasi yako ndiyo hii. Themanini na moja! Hongera sana, binti yangu."

"Basi nipe, mwalimu."

"Nikiitoa, meza itayumba." Akaiinua meza kidogo ili binti aone mwenyewe, chai ikamwagika kwenye kisahani. "Na ninaandika kitabu."

"Nitakuletea kibao uweke hapo."

"Kibao nimeshakiomba idarani. Ombi liko kwenye foleni."

"Basi niandikie alama tu kwenye fomu."

"Fomu inataka karatasi ya mtihani iambatanishwe." Alisema hivyo kwa huruma ya kweli, akampa Kiranja biskuti.

Mchezo ulipata alama za juu kuliko miradi yote ya mwaka ule. Mhadhiri huyo huyo ndiye aliyeusahihisha, na Kimraba alimwonyesha hatua zote kwa kutembea juu ya meza. Kanuni ilitaka pia ripoti iliyochapwa na kujalidiwa. Kiranja alileta kurasa mia na ishirini. Mhadhiri alipima unene wake kwa vidole viwili, akaandika tisini na nne kwenye jalada, akainama upande wa kulia, akaipachika chini ya mguu wa meza.

"Sasa imetulia kabisa," alisema, akaisukuma meza kwa kiganja. Chai haikutikisika.

Jumatatu Kiranja alimchora Kimraba wa pili, maana alama za kutafuta sasa zilikuwa za masomo mawili. Alimpa kila mmoja mioyo tisini na tisa. Katibu aliwapa namba, akawaambia wasimame upande mmoja wasizibe njia.

Mama alipiga simu kusema nguo imekwisha, imempendeza hata fundi.

"Itundike, mama," Kiranja alisema. "Nitaivaa hiyo."

"Niitundike wapi?"

"Kabatini. Karibu na ile nyingine."