Kumlisha Mhubiri

Kanisa la Salem lilikuwa na nafasi ya watu mia nne na waumini kumi na watatu. Kumi na mmoja walikaa nyuma kabisa, kila mmoja kwenye benchi lake, kana kwamba mhubiri ana ugonjwa wa kuambukiza. Mbele, kwenye kiti kikubwa cha mashemasi chini ya mimbari, walikaa Ithel Pugh na dada yake Dilys.

Zamani shemasi wa huko Wales alikuwa na kazi nyingine: kumlisha mhubiri. Si chakula. Mhubiri akigusa jambo zuri, shemasi anaitikia kwa sauti, "Amina!" au "Kweli kabisa!", na mhubiri anapata nguvu ya kuendelea. Baba yake Ithel alisifika kwa hilo katika mabonde matatu. Ithel alirithi kiti, sauti akaiacha. Kwa maoni yake, aliyefanya vizuri anajua mwenyewe. Mkewe Olwen alimpikia mchuzi wa kondoo miaka arobaini, na sifa pekee aliyopewa ni sahani kusogezwa ili amwongezee. Olwen alifariki miaka miwili iliyopita. Kutomsifu kulimuuma Ithel kila siku, hasa saa ya kula.

Jumapili hiyo alihubiri Mererid, binti aliyefanya kazi kwa daktari wa mifugo. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Mzee Ithel," alisema kabla ya ibada, karatasi za mahubiri mkononi, "nikiharibu leo, chuo cha uchungaji siendi. Narudi zangu kwa kondoo."

"Kondoo hawana neno," Ithel akajibu.

Dilys alimfinya walipokwisha kukaa. "Mtoto alitaka umtie moyo, gogo wee! Leo utamlisha. La sivyo, mchana utajipikia."

Mererid alisimulia alivyopotelea mlimani kwenye ukungu akimtafuta kondoo. Alianza vizuri, kisha akaenda mbio. Ithel alitafuta pa kuingilia, lakini kila alipofungua kinywa sentensi ilikuwa imeshapita. Ghafla Mererid akanyamaza, akageuza karatasi, akairudisha.

"Samahani," alisema. "Siwezi."

Nafasi ilikuwa imepatikana, Ithel akaitumia.

"KWELI KABISA!"

Ilikuwa sauti ya baba yake hasa. Ilifika hadi ukutani na kurudi. Hakuna aliyecheka. Dilys alifumba macho. Mererid alikusanya karatasi zake, akaanza kushuka ngazi.

Ithel alisimama.

"Usishuke, mwanangu. Nimekosea pa kuitikia." Akakohoa. "Na mimi siwezi. Tangu Olwen aondoke sijaweza kusali. Nakuja hapa kwa sababu Dilys ana gari."

Dilys alifumbua macho, akamtazama kaka yake.

"Lakini hayo yako ya ukungu nilikuwa nayafuata," Ithel akaendelea. "Ni mazuri. Mazuri sana. Sasa usiniache mlimani, mama. Ulifikaje nyumbani?"

Mererid alisimama kwenye ngazi ya tatu. Hakurudi mimbarini, wala hakufungua karatasi.

"Kuna mtu alikuwa ananiita kutoka chini, mzee," alisema taratibu. "Sikumwona hata kidogo. Nilikuwa nasikia sauti tu, nikawa naifuata, hatua moja moja."

"Amina," akasema Ithel, na hiyo ndiyo ilikuwa sala yake ya kwanza tangu mazishi.