Siku Uliyoletwa

"Imekula tena," Seline alisema, akainua kidole kutoka kwenye karatasi. "Madam, imekula mwisho."

Beldina hakuhitaji kuuliza imekula nini. Nyuma yake mashine ya breli ilikuwa bado inatikisa meza, ikipiga nukta kwa kelele ya mvua ya mawe juu ya bati, na kila mstari ulipofika ukingoni mwa karatasi mashine haikusimama. Iliendelea kupiga, ta-ta-ta, ikitoboa hewa. Herufi za mwisho zilikuwa zinaandikiwa upepo.

"Soma hivyo hivyo," alisema.

Seline alirudisha vidole mwanzo wa mstari. Alikuwa msichana wa darasa la nane, hajawahi kuuona mwanga tangu azaliwe, na alisoma haraka kuliko walimu wengi wenye macho mawili. "'Mkulima alivuna magunia arobaini na.' Arobaini na ngapi, Madam?"

"Arobaini na tano."

"Sasa kwa mtihani nitajuaje?"

Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha Beldina usingizi wiki nzima. Yeye alikuwa karani wa shule hii ya wasioona, kazi yake kupiga chapa barua na kuchemsha chai ya wageni, mpaka Mholanzi mmoja wa kujitolea alipoleta kompyuta kuukuu na mashine ya breli, akamfundisha kuzitumia, akapanda ndege kurudi kwao. Karatasi pana alizoziacha ziliisha kabla ya Krismasi. Zilizokuwepo sasa ni manila zilizokatwa na duka la uchapishaji mjini, nyembamba kwa vidole viwili. Programu ya Mholanzi haikujua habari hiyo. Ilipima mstari kwa kipimo cha Ulaya.

Na mtihani wa majaribio ulikuwa Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Kama hiyo mashine imekataa," alisema Mwalimu Absalom, mkuu wa shule, akichungulia mlangoni, "nitawasomea mimi mwenyewe kama mwaka jana. Sauti iko."

Vidole vya Seline vilikunjika. Mwaka jana Mwalimu Absalom alisoma kila swali mara mbili, akakohoa, akaenda kwenye lingine. Sauti haina mahali pa kushika; ikishapita imepita. Seline alianguka hesabu na kurudishwa darasa, yeye ambaye usiku aliwafundisha wenzake hizo hizo hesabu bwenini. Akianguka tena hangesajiliwa kwa mtihani wa taifa, na babake alikuwa ameshasema kwamba safari hii atakuja kumchukua akae nyumbani. Nyumbani kulikuwa na kinu, mtwangio, na kona ya kukaa.

"Mashine haijakataa, Mwalimu," Beldina alijibu. "Nipe mpaka Jumapili."

"Jumapili ni ya Mungu."

"Basi nipe na Mungu."

Mwalimu aliondoka akicheka. Beldina hakucheka. Alirudi kwenye kompyuta na kuikodolea macho kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyelala katikati ya barabara.

Programu ile haikuwa kitu kimoja. Ilikuwa vipande: kimoja cha kusoma maandishi, kimoja cha kugeuza herufi kuwa nukta, kimoja cha kupima mstari, kimoja cha kuzungumza na mashine. Kila kipande kiliandikwa kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma, kisha kikapikwa kuwa kitu ambacho kompyuta pekee inakielewa, halafu vyote vilivyopikwa vikaunganishwa. Kazi ya kupika na kuunganisha ilifanywa na chombo kinachoitwa make. Beldina alikibandika jina la Fundi. Fundi alikuwa na maagizo yake, yaliyosema hiki kinatokana na kile, na kile kinatokana na kingine. Hakuwa mtu wa kujichosha. Alitazama tarehe tu. Maandishi yakiwa mapya kuliko kilichopikwa, alipika upya kipande hicho peke yake na kukiunganisha na vingine. Yakiwa ya zamani, aliviacha vilivyo, kwani nani anasonga ugali wakati mwingine uko mezani unafuka moshi?

Beldina aliipenda akili hiyo. Tena aliielewa upesi kuliko Mholanzi alivyotarajia.

Basi alifungua kipande cha kupima mstari, akafuta kipimo cha Ulaya, akaandika cha manila. Akahifadhi. Akamwita Fundi. Fundi akajibu, kwa ule ustaarabu wake wa baridi, kwamba kila kitu kiko sawa na hakuna la kufanya.

"Hakuna la kufanya?" Beldina alimwuliza kwa sauti. "Wewe! Nimebadilisha sasa hivi, mbele ya macho yako!"

Akafungua tena. Kipimo kipya kilikuwa pale pale. Akahifadhi tena, akamwita tena. Hakuna la kufanya. Akazima kompyuta, akawasha. Hakuna la kufanya. Alikuwa akitwanga maji wiki nzima, na kinu kilikuwa kinamcheka. Kufuta vilivyopikwa ili Fundi alazimike kuanza upya hakuthubutu, kwa kuwa neno la mwisho la Mholanzi pale kituo cha basi lilikuwa "usifute chochote," na Beldina alilishika kama amri ya kumi na moja. Alitamani kuibeba ile kompyuta akaitupe ziwani, mamba waitumie kujifunza breli.

*

Jumamosi asubuhi aliamka na hasira ile ile, na ya nyumbani ikaongezeka juu yake.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Shamba lao, nyuma ya Otonglo, lilikuwa jeusi na laini, majirani wote wameinama na mbegu, na mbegu za Beldina zilikuwa ndani ya debe mlangoni. Hangeweza kuzigusa. Nakhungu alikuwa bado hajapanda, na Nakhungu ndiye mikayi, mke mkubwa wa boma. Mke mdogo hatangulii kupanda. Hata mvua ikipita, hata mahindi ya watu yakifika magotini, atangoja mkubwa aangushe mbegu yake ya kwanza.

Beldina alimkuta anachambua maharagwe, bila haraka yoyote duniani.

"Mikayi, mvua imekuja."

"Nimesikia juu ya bati."

"Tunapanda lini?"

"Mguu wangu ukipoa. Kesho pengine." Nakhungu alinyoosha mguu uliovimba, akautazama kwa huruma. "Kwani umeona mvua imebeba mizigo inahama?"

Beldina aliutazama mguu ule. Huyu mwanamke alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Aliletwa kutoka Ubukusu angali msichana, wakati Beldina alikuwa bado anabishana na shule na kozi ya kupiga chapa. Sasa Beldina alikuwa na mvi mbili, Nakhungu hana hata moja, na bado ndiye mkubwa.

"Wakati mwingine nashangaa," Beldina alisema, na uchungu ukamtoka bila ruhusa. "Mimi nimekuzidi umri. Nimekuzidi kabisa! Na nangoja mguu wako kama mtoto."

Nakhungu hakukasirika. Alitupa haragwe bovu kwa kuku. "Nyar Seme," alimwita, kwa jina la kwao, binti wa Seme, kama wake wenza wanavyoitana, "umri wako uliuacha kwa mama yako. Boma haliulizi ulizaliwa lini. Linauliza uliletwa siku gani. Hiyo siku uliyoletwa ndiyo ulizaliwa hapa."

"Na kama mtu akidanganya hiyo siku?"

"Basi boma lote linaenda upande." Akarudi kwenye maharagwe yake. "Nenda kazi. Umekuja na hasira ya mzungu kwa nyumba yangu."

*

Shuleni alimkuta Mwalimu Absalom ofisini, na kikombe cha maji ya moto mkononi, akijisomea maswali ya hesabu kwa sauti ya mahubiri. "Mkulima alivuna magunia arobaini na tano! Unasikia, Madam? Nimeweka uzito kwa tano, wasisahau."

"Nasikia, Mwalimu."

Alikuwa hajakaa vizuri wakati stima zilipopotea. Kompyuta ikafumba jicho. Wakangoja, mwalimu na maji yake, karani na hasira zake, hata stima ziliporudi kwa mkwaruzo na kioo kikaanza kuandika upya. Kompyuta ikauliza swali lake la kila siku, lile ililouliza kila ilipowashwa. Ilisema leo ni tarehe mosi Januari mwaka 1980, kisha ikangoja kusahihishwa.

Kidole cha Beldina kilikuwa tayari kinakwenda kwenye kile kitufe kikubwa cha kusema ndiyo, endelea. Kila mtu pale alikibonyeza. Nani ana wakati wa kuandika tarehe kila stima zinaporudi, Kisumu hii? Mholanzi ndiye aliyekuwa akiiandika, kila asubuhi bila kukosa, na Beldina alidhani ni zile tabia zao tu, watu wasioweza kunywa chai kabla hawajajua ni tarehe ngapi.

Kidole kikakwama hewani.

Linauliza uliletwa siku gani.

Alibonyeza, polepole safari hii, akaitisha orodha ya vipande vyote pamoja na tarehe zake. Alikuwa ameiona orodha ile mara nyingi na kuipita. Vilivyopikwa na Mholanzi vilikuwa vya mwaka 1993. Kipande cha kupima mstari, alichokibadilisha jana yeye mwenyewe kwa mikono yake, kilikuwa cha mwaka 1980.

Mwaka 1980 Beldina alikuwa msichana huko Seme, anaanika dagaa wa omena na mama yake. Mwaka huo kompyuta yenyewe ilikuwa haijatengenezwa. Na kazi yake ya jana ilikuwa imeandikishwa huko, kikongwe wa vikongwe, mzee kuliko kila kitu kilichopikwa. Fundi alitazama, akaona maandishi ya kale na chakula kipya mezani, akaheshimu utaratibu, akanyamaza. Hakuwa mkaidi. Kila siku aliuliza, na kila siku walimjibu uongo kwa kidole kimoja.

"Ai!" Beldina alijipiga paja. "Ai, jamani, ni mimi!"

"Ni wewe nini?" Mwalimu alishtuka, maji yakamwagikia suruali.

"Ni mimi, ni wewe, ni sisi wote!" Alikuwa na hasira mpaka machozi, na kicheko kilikuwa kinasukumana na machozi mlangoni. "Wiki nzima namtukana mtu hana makosa! Mwalimu, leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na tano, Machi. Si kalenda iko hapo ukutani?"

"Ukutani iko. Kwa hii kompyuta haiko."

Akaandika tarehe, na mwaka wake, 1995. Akakifungua kipande cha mstari, akakihifadhi upya ili nacho kipate siku yake ya kweli. Akamwita Fundi.

Safari hii Fundi hakusema hakuna la kufanya. Taa ndogo ya kompyuta ikaanza kupepesa, diski ikaguna, na kwenye kioo jina la kipande cha mstari likatokea, kinapikwa. Kipande hicho tu. Vingine hakuvigusa. Balbu ya dari ikafifia, ikawa rangi ya chai.

"Usithubutu," Beldina aliiambia balbu. "Leo usithubutu."

Mwalimu Absalom naye alikuwa ameinua uso anaitazama, kikombe kimesahaulika mkononi. Balbu ikasita, ikarudi. Fundi akaunganisha vipande na kunyamaza. Beldina akatia manila, akatuma swali la mkulima. Mashine ikapiga mpaka ukingoni, ikasimama. Kisha ikashuka mstari mwingine.

Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kusikia ikinyamaza mahali panapofaa.

Stima zilipotea mara nyingine kabla karatasi hazijaisha. Ziliporudi, Mwalimu Absalom ndiye aliyekuwa karibu, na mkono wake ukaenda kwenye kitufe kwa mazoea.

"Mwalimu, acha! Mjibu. Anauliza leo ni siku gani."

"Kwani yeye hajui?"

"Atajuaje, na hakuna mtu anamwambia?"

Mwalimu aliinama, miwani puani, akaandika tarehe tarakimu kwa tarakimu kama anayeandika jina la mtoto kwenye cheti cha ubatizo.

*

Jumapili jioni Nakhungu alitoka akichechemea, akaangusha mbegu zake za kwanza, akasimama mikono kiunoni. "Haya, Nyar Seme. Ingia." Beldina aliingia, akapanda mpaka giza likamfukuza.

Jumatatu udongo ulikuwa bado chini ya kucha zake alipokuwa akigawa karatasi. Chumba kikajaa ule mchakacho mwepesi wa vidole juu ya nukta. Mwalimu Absalom alisimama mbele na koo lake alilolitayarisha, hana la kusoma, hajui mikono aiweke wapi.

Beldina alisimama nyuma ya Seline. Aliogopa. Alijua kila mstari wa karatasi ile, na bado aliogopa.

Kidole cha Seline kilitembea juu ya mkulima, juu ya magunia, juu ya arobaini na tano, kikafika ukingoni. Hakikusimama. Kwa mazoea ya wiki nzima kikavuka manila, kikashukia ubao wa dawati, kikapapasa pale kutafuta kilichoangukia nje. Hakukuwa na kitu, ila mbao. Seline akainamisha kichwa. Akakirudisha kidole juu ya karatasi, akakipitisha tena penye mwisho wa mstari, kisha akaenda zake mpaka mwanzo na kuusoma upya, taratibu, na hakuna mtu aliyekohoa.