Theluji Aliyofichwa Bi Wafaa

Wahida alikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, lakini theluji hakuwahi kuiona ila kwenye simu. Asubuhi ile huko Vienna, alipovuta pazia la hoteli na kukuta mapaa yote yamegeuka meupe, alipiga ukelele mpaka mumewe, Salem, akakurupuka kitandani akidhani kuna moto.

Furaha ile haikufika hata kwenye chai. Alimkumbuka mama yake, Bi Wafaa, aliyekuwa Jeddah kwenye fleti yake ya mtaa wa Bani Malik, amefungwa bandeji jichoni. Jicho la kushoto lilikuwa limezima miaka mingi. La kulia ndilo lililopasuliwa juzi, na mpaka daktari alifungue, bibi wa watu alikuwa gizani kabisa.

Kabla ya operesheni alikuwa amempigia bintiye simu Riyadh. "Mwanangu, skuli zinafungwa. Njoo ukae na mie siku hizo. Damaris yupo, ananitazama vizuri, sina la kusema. Lakini nakutaka weye."

Damaris alikuwa dada wa Kikenya aliyeajiriwa kumtunza. Wahida akajibu papo hapo kwamba Salem amenyimwa likizo, kwa hiyo hawawezi kutoka Riyadh.

Uongo mtupu. Tiketi za Vienna zilikuwa zimeshakatwa. Tena Salem mwenyewe alimwambia, "Tuahirishe, mke wangu. Theluji itakuwepo na mwakani." Wahida ndiye aliyekataa. Alikuwa na hamu na safari ile tangu msichana, na alihisi akiiacha safari hii hataipata nyengine.

Basi wakatembea. Walilitazama kanisa kuu lenye paa la vigae vya rangi, wakapanda gari la farasi, na Marwan mdogo akalala kwenye mapaja ya baba yake kabla hawajamaliza mtaa wa pili. Dada yake Hana, wa miaka saba, hakutaka kuvaa glavu. Aliichota theluji kwa mikono mitupu, akailamba, akacheka. Wahida naye alicheka, kisha akajikuta anajiuliza kama mama keshapewa chakula. Kila kitu kizuri alichokiona siku ile kilikuja na swali la namna hiyo.

Alasiri wakafika kwenye uwanja mbele ya jengo la baraza la jiji, ambako watu walikuwa wakiteleza juu ya barafu. Wahida akampa Hana simu awapige picha, mwenyewe akaenda kununua abu farwa, njugu kubwa za kuchoma, zile zile zinazouzwa Riyadh msimu wa baridi. Alikuwa anapokea mfuko wa moto aliposikia, "Bibi!"

Akageuka. Hana alikuwa amepokea simu ya video. Kwenye kioo alionekana Bi Wafaa ameegemea mto, bandeji usoni, na pembeni yake uso wa Damaris aliyemshikia simu. Damaris alikuwa ameshaona. Macho yake yalikwenda kwenye theluji, kwenye makofia ya sufu, kwenye mnara mrefu nyuma ya mtoto, na mdomo ukabaki wazi.

"Hana wangu, mpo wapi?" aliuliza Bi Wafaa. "Nasikia kengele."

Hana akamtazama mama yake. Wahida akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni. Alifanya hivyo kabla hajafikiri.

"Tupo nyumbani, bibi," alisema Hana. "Ni televisheni."

"Na hao wanaocheka?"

"Wageni wa baba."

Hilo la wageni hakuna aliyemfundisha. Wahida alihisi mfuko unamuunguza mkono, asiuachie.

"Damaris, hebu nambie, watoto wamevaaje? Huko kwenu Malaz kuna baridi siku hizi."

Damaris alitazama tena kwenye simu. "Wamevaa masweta, mama. Na kofia."

"Kofia ndani ya nyumba?"

"Ni hiyo baridi, mama."

"Afadhali. Wahida, upo?"

"Nipo, mama."

"Usimnung'unikie Salem kwa habari ya likizo. Kazini mtu hana amri yake. Mie siumwi sana. Nakuombeeni."

Simu ilipokatika, Salem aliinama kumfunga Marwan skafu, akachukua muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hana akamvuta Wahida koti.

"Mama, nimesema vizuri?"

Wahida akampa abu farwa ale. Baada ya kitambo ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Damaris, anaongea chini chini: "Madam, sijasema kitu. Lakini mama anasema mimi ndio macho yake saa hii. Please, usiniweke hapo tena."

Walikwenda hadi kwenye kasri la wafalme wa zamani, kwa kuwa ndivyo walivyopanga. Wahida alipita vyumba vya dhahabu asikumbuke hata kimoja.

Waliporudi Riyadh zilikuwa zimebaki siku chache skuli zifunguliwe. Wahida akamchukua Hana, wakapanda ndege ya Jeddah siku iliyofuata. Bi Wafaa alikuwa ameshafunguliwa bandeji, anaona kwa ukungu. Alimpapasa bintiye mashavu, akafurahi, na Wahida akaona akingoja chai imiminwe hatasema tena. Akasema kweli yote ya Vienna pale pale mlangoni, begi bado mkononi.

Bi Wafaa alitafuta kiti akakaa. "Siku ile nilipopiga simu?"

"Tulikuwa huko, mama."

"Damaris! Ukanambia masweta."

Damaris alisimama kwenye mlango wa jiko. "Masweta walikuwa nayo, mama. Ni hayo mengine sikusema."

"Usimlaumu, mama. Mie ndiye niliyemtia kwenye hayo."

"Ungenambia nakwenda kutembea, ningekwambia nenda," alisema Bi Wafaa. Sauti haikupanda. "Ningenuna siku mbili, halas, yakaisha." Kisha akanyoosha mkono kumtafuta mjukuu. "Njoo, Hana. Nambie, theluji ikoje?"

Hana akamtazama kwanza mama yake. "Sijui, bibi. Sijaiona."

"Mwambie bibi, mwanangu," alisema Wahida. "Sasa sema kweli."

Hana akatikisa kichwa. "Sisi hatukwenda popote," alisema, na akajificha nyuma ya miguu ya Damaris.

"Mwache," alisema Bi Wafaa. "Usimlazimishe."

Wahida alikaa Jeddah mpaka likizo ikaisha, akimtia mama yake dawa ya jicho kila ulipofika wakati wake. Bi Wafaa aliinua uso akatulia atiwe, na lile jambo hakulitaja tena. Wahida akimuuliza kama dawa inawasha, alijibu haiwashi, na machozi yanamtiririka.