Mgeni Aliyeingia kwa Neno "Nakubali"

Usiku wa kuamkia jana, Mama Salha wa Kihonda aliota anakwenda kumwona mjukuu wake.

Mjukuu mwenyewe alikuwa wa kweli. Salha alikuwa amejifungua huko Mwanza na kutuma picha kwa barua pepe, lakini kompyuta ya nyumbani ilikuwa imepatwa na wazimu. Mama Salha akitaka kufungua barua pepe, inamletea ukurasa wa kutafutia asioujua, na kutoka hapo matangazo ya chai ya kupunguza tumbo. Mumewe alishasema wampe muuza vyuma chakavu. Basi Mama Salha alilala amenuna, sura ya mtoto hajaiona.

Katika ndoto, kivinjari cha kompyuta kilikuwa mkokoteni, umeegeshwa sebuleni kwake. Akapanda, akakaza kanga.

"Kwa Salha," akasema.

Mkokoteni unaondoka. Unapita jikoni, unapita Dodoma, unakata kona na kusimama mbele ya duka la chai ya kupunguza tumbo.

"Nimesema kwa Salha."

"Nimesikia, mama," mkokoteni ukajibu. "Ila mimi nakwenda ninakoelekezwa."

Wakajaribu tena. Safari hii walipita Shinyanga, na hata ziwa likaonekana kwa mbali. Walipolikaribia, lilikuwa limejaa chai.

Mama Salha hakupiga kelele. Alishuka, akaukagua mkokoteni, akaona mkono wa mtu umepigiliwa misumari kwenye mpini, unaupinda kulia kila walipotaka kwenda kushoto. Akaufuata ule mkono. Ulikuwa mrefu, ulirudi njia nzima mpaka sebuleni kwake, na mwisho wake alikaa bwana mmoja wa suti, anakunywa chai.

"Wewe nani?"

"Msaidizi Wako. Ndilo jina langu kamili."

"Nani kakukaribisha?"

"Baba Salha. Alipoleta ile programu ya kuangalizia video za taarabu, nami nilikuwemo kwenye mizigo yake. Nikamwomba ruhusa ya kubadilisha njia zote za nyumba hii, akabonyeza Nakubali."

"Alisoma?"

"Mama, huwa hawasomi," bwana akasema, bila majivuno.

Mama Salha akamkamata ukosi, akamtoa nje na kufunga komeo. Kugeuka, bwana yuleyule anatoka jikoni, anajifuta mdomo.

"Sebuleni umenitoa," akasema kwa upole. "Lakini begi langu bado liko uvunguni."

Hapo Mama Salha akacheka. Alikuwa amekaa na mawifi na mashemeji miaka mingi. Wageni wa namna hii aliwajua. Akapiga magoti, akavuta begi ambalo halikuwa la mtu yeyote wa nyumba ile, akalirusha dirishani. Bwana akanywea, akawa mwembamba kama pazia. Kisha Mama Salha akaurudia mkokoteni, akang'oa misumari yote. Ule mkono ukadondoka kwenye vumbi.

"Je, una uhakika?" bwana akauliza.

"Ninao."

"Una uhakika kweli? Utakosa ofa."

"Baba, mlango ule pale."

Akaondoka kwa adabu, mkono wake ameuzungusha shingoni kama skafu.

Mkokoteni ukakohoa. "Sasa, mama, nikumbushe. Nyumbani ni wapi?"

"Hapa."

"Mimi niliambiwa nyumbani ni dukani."

"Walikudanganya. Nyumbani ni hapa, na kutoka hapa unakwenda ninakokwambia mimi."

"Basi nizime, kisha uniwashe upya. Bila hivyo nitasahau."

Swichi ilikuwa nyuma ya mlango. Mama Salha akaibonyeza, na jua likazimika. Akaibonyeza tena, na asubuhi ikamkuta kitandani, macho makavu kabisa.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Akaandika anwani, na barua pepe ikafunguka bila kuzunguka popote. Mtoto alikuwa amekunja uso, ngumi ameziweka kidevuni kama anayesubiri maelezo. Mama Salha alimtazama mpaka machozi yakamlenga.

"Karibu, mume wangu," akamwambia. "Bibi alicheleweshwa njiani."

Mara Baba Salha akaingia. Alikuwa ametoka mapema kwenda kununua maziwa. Mkononi alishika paketi ya chai ya kupunguza tumbo, anaitazama kama kitu alichokiokota.

"Maziwa yako wapi?"

"Hata sielewi, Mama Salha. Hapo kona kuna bwana wa suti, mkono wake kauzungusha shingoni. Kanisimamisha, kaniambia maneno mengi kweli."

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Nikakubali."